Alfred Kahn: Mchumi aliyeziacha ndege zijipangie nauli

Abiria anayetoka Nshamba au Kamachumu, wilayani Muleba, kwenda Dar es Salaam kwa ndege hupiga hesabu mara mbili. Kwanza hujumlisha nauli ya gari hadi Bukoba mjini na bei ya tiketi. Kisha huisoma tiketi yenyewe mstari kwa mstari: nauli, tozo ya mafuta, ada ya huduma za uwanja, ada ya usalama, VAT, na kama amebeba ndizi na kahawa za kuwapelekea ndugu, malipo ya kilo zilizozidi. Akimaliza hubaki na swali ambalo limeulizwa Bukoba kwa miaka mingi. Nauli ya basi inapangwa na serikali, sasa kwa nini ya ndege inaachwa ijiendee?

Mtu aliyelijibu swali hilo kwa vitendo kuliko mwingine yeyote hakuwa rubani wala mwenye shirika la ndege. Alikuwa mwalimu wa uchumi. Alfred Edward Kahn, Mmarekani aliyefariki Desemba 27, 2010 akiwa na miaka 93, ndiye anayetajwa kuwa baba wa soko huria la usafiri wa anga. Alichokifanya Washington katika miezi isiyozidi kumi na minane, kuanzia katikati ya 1977, kilibadili biashara ya ndege duniani, na mawimbi yake yalifika hadi kwenye fukwe za Ziwa Victoria, ingawa kwa kuchelewa na kwa nusunusu.

Mwalimu wa mji wa ziwani

Kahn alizaliwa Oktoba 17, 1917 mjini Paterson, jimbo la New Jersey, mji uliojulikana kwa viwanda vya hariri. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Urusi. Kijana huyo alikuwa na akili ya darasani isiyo ya kawaida. Alimaliza shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha New York akiwa na miaka 18, na 1942 akapata udaktari wa uchumi Chuo Kikuu cha Yale. Alifanya kazi kidogo serikalini, akapita jeshini, akafundisha miaka miwili katika chuo kidogo cha Ripon jimboni Wisconsin, na 1947 akahamia Chuo Kikuu cha Cornell.

Cornell iko Ithaca, mji mdogo uliokaa chini ya vilima, kwenye ncha ya kusini ya ziwa refu jembamba linaloitwa Cayuga. Mtu wa Bukoba akionyeshwa picha yake hatashangaa sana: maji mbele, milima nyuma, na wasomi wengi kuliko ukubwa wa mji. Kahn aliishi huko hadi kifo chake. Alifundisha, akawa mkuu wa idara ya uchumi, kisha mkuu wa kitivo, na jioni akawa anapanda jukwaani kuimba katika michezo ya kuigiza ya kuchekesha. Ofisini alizoea kuvua viatu na kutembea na soksi.

Hakuwa mtu wa mrengo wa kulia. Alikuwa mfuasi wa chama cha Democrat, na maandishi yake ya miaka ya 1950 yalihusu namna makampuni makubwa yanavyowabana wadogo, yakiwamo ya mafuta. Jambo hili ni la kukumbuka, kwa sababu soko huria lilipofika Tanzania lilikuja kama sharti la wakopeshaji, na wengi wakadhani kila anayelitetea ni wakili wa matajiri. Kahn alilitetea kwa sababu aliona udhibiti unawalinda wakubwa.

Mwaka 1970 na 1971 alitoa kitabu chake kikubwa cha juzuu mbili kuhusu uchumi wa udhibiti. Hoja yake kuu inaweza kuelezwa hata kwenye kijiwe cha kahawa: bei ya kitu ilingane na gharama ya kumhudumia mteja mmoja zaidi. Anayesababisha gharama ailipe. Asiyeisababisha asibebeshwe mzigo wa mwenzake.

Mwaka 1974 alipata nafasi ya kuijaribu hoja hiyo, alipoteuliwa kuongoza tume ya huduma za umma ya jimbo la New York, iliyopanga bei za umeme na simu. Alisukuma umeme uuzwe ghali saa ambazo kila mtu anautaka na rahisi saa ambazo mitambo imelala. Kwenye simu aliibua kelele zaidi. Wateja walizoea kupiga bure kuuliza namba za watu wengine, huku gharama ya wahudumu ikiingizwa kwenye bili ya kila mtu. Kahn akaweka malipo kwa anayepiga mara nyingi, na asiyepiga kabisa akapunguziwa bili. Watu walinung'unika, kisha wakaanza kufungua kitabu cha namba.

Hapo ndipo penye mbegu ya orodha ndefu ya ada kwenye tiketi ya ndege ya leo. Mashirika ya Marekani yalipoanza 2008 kumtoza abiria hata kwa begi lake la kwanza, mengi yalikuwa yanatafuta fedha tu baada ya mafuta kupanda. Lakini hoja waliyoitumia kujitetea ni ileile ya simu za New York.

Farasi na sare za wahudumu

Juni 1977 Rais Jimmy Carter alimpa Kahn uenyekiti wa Bodi ya Usafiri wa Anga ya Marekani, CAB. Chombo hicho kilitokana na sheria ya 1938, wakati nchi ilikuwa bado inajikongoja kutoka kwenye mdororo mkuu wa uchumi na wabunge waliogopa kwamba ushindani ungeyaua mashirika machanga ya ndege.

Hofu ya 1938 ikawa sheria ya miaka arobaini. Shirika lililotaka kuruka kwenda mji mpya liliomba ruhusa. Lililotaka kuacha mji liliomba. Lililotaka kupunguza nauli nalo liliomba, na washindani wake wakaitwa kusema kama wanaona sawa. Ni kama muuza sato wa soko la Bukoba alazimike kupata idhini ya wauza sato wenzake kabla ya kushusha bei. Katika miaka yote hiyo CAB haikuruhusu hata shirika moja jipya kuingia kwenye njia kuu za kati ya majimbo, ingawa maombi yalikuwa mengi.

Kwa kuwa hawakuruhusiwa kushindana kwa nauli, walishindana kwa mapambo. Chakula kiliongezwa, viti vikapanuliwa, na shirika la American likafikia hatua ya kuweka piano ndani ya ndege zake za Boeing 747. Wakati huohuo karibu nusu ya viti viliruka vitupu. Kiti kilichoruka kitupu hakiuzwi kesho, kama mkungu ulioivia shambani ukadondoka.

Ushahidi kwamba mambo yangeweza kuwa vingine ulikuwa hadharani. CAB haikuwa na mamlaka juu ya ndege zinazoruka ndani ya jimbo moja. Southwest ndani ya Texas na PSA ndani ya California zilitoza karibu nusu ya nauli iliyopangwa na bodi kwa safari za urefu kama huo, na zilipata faida. Seneta Edward Kennedy alilianika jambo hilo kwenye vikao vya Baraza la Seneti 1975.

Kahn alipoingia ofisini alikuta bodi inaamua kama shirika fulani linaweza kusafirisha farasi kutoka Florida, na kama wafanyakazi wa mashirika mawili yenye mwenye hisa mmoja wanaweza kuvaa sare zinazofanana. Aliona ni kupoteza muda wa watu wazima. Akaandika waraka wa ndani akiwataka wanasheria wa bodi waandike lugha ambayo mwananchi anaielewa. Waraka huo ulivuja magazetini na kumpa umaarufu ambao vitabu vyake havikuwahi kumpa.

Kisha akaanza kufungua. Aliyeomba kupunguza nauli aliruhusiwa. Aliyeomba njia mpya aliruhusiwa, wakati mwingine wote walioomba kwa pamoja. Novemba 1977 sheria ya mizigo ya ndege ilitangulia, na kampuni ya vifurushi ya Federal Express, iliyokuwa imezuiwa kutumia ndege kubwa, ikapata nafasi ya kukua. Mashirika makubwa yalipinga. Kahn aliwajibu kwa utani kwamba hajui tofauti ya ndege moja na nyingine, kwake zote ni gharama zilizoota mabawa. Marubani na wahandisi hawakucheka.

Oktoba 24, 1978 Carter alitia saini sheria ya kuondoa udhibiti. Njia ambazo mashirika yalizikalia bila kuzitumia zilitangazwa kuwa wazi kwa atakayewahi, na wawakilishi wa mashirika wakapanga foleni nje ya ofisi za bodi. Watanzania wangeyajua vizuri maisha ya foleni miaka michache baadaye, ila yao ilikuwa ya sukari na sabuni.

Mwaka uleule, upande wa pili

Miaka hiyohiyo Bukoba ilikuwa na habari nyingine. Februari 1977 East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania lililoundwa 1946, lilisimama kuruka katika mvutano wa madeni uliotangulia kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Machi 11 mwaka huo Tanzania ikaunda shirika lake, ATC. Kwa hiyo wakati Kahn anaanza kuvunja mfumo wa vibali Marekani, Tanzania ilikuwa inaanza upya na shirika moja la umma, nauli moja, na mipango iliyotoka wizarani.

Na siku ambazo Carter alikuwa anasaini sheria yake, Bukoba ilikuwa inaangalia juu kwa hofu. Oktoba 1978 ndege za kivita za Idi Amin zilidondosha mabomu mjini, vioo vikapasuka na watu wakakimbilia vijijini. Mwisho wa mwezi majeshi ya Uganda yalikuwa yamevuka mpaka na kulikalia eneo lililo kaskazini ya Mto Kagera. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujadili nauli.

Mchumi aliyeitukana ndizi

Umaarufu mkubwa wa Kahn kwa wasiosoma uchumi ulitokana na ndizi. Baada ya sheria kupita, Carter alimtoa kwenye bodi na kumfanya mshauri wake mkuu wa kupambana na mfumuko wa bei. Ilikuwa kazi ngumu katika miaka ile ya mafuta ghali. Mapema kabisa Kahn aliropoka mbele ya waandishi kwamba bei zisipodhibitiwa nchi inaweza kuingia kwenye mdororo mkubwa. Ikulu ilikasirika. Neno hilo lilikuwa mwiko.

Kahn akatii kwa namna yake. Kuanzia siku hiyo, kila alipotaka kusema mdororo alisema ndizi. Akatangaza kwamba nchi iko kwenye hatari ya kupata ndizi mbaya kuliko zote kwa miaka mingi. Nchi nzima ikacheka, isipokuwa mkuu wa kampuni moja kubwa ya kuuza ndizi, aliyelalamika kwamba bidhaa yake inaharibiwa jina. Kahn akaomba radhi, akaliacha tunda hilo na kuhamia kwenye kumquat, tunda dogo la jamii ya chungwa lisilo na mtetezi.

Wahaya wangekuwa na haki ya kuungana na mlalamikaji. Mahali ambapo kibanja ndicho akiba, chakula cha mchana na urithi wa mtoto, ndizi haiwezi kuwa jina la balaa. Ingawa mwaka 2006, ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ulipoingia Muleba na kuanza kuozesha mikungu ikiwa bado mibichi, maneno ndizi na mdororo yalikaribiana kwa namna ambayo profesa huyo hakuiwazia.

Kazi ya mfumuko wa bei haikumpa sifa. Bei ziliendelea kupanda, Carter akashindwa uchaguzi wa 1980, na Kahn akarudi Ithaca kufundisha. Kutoka huko akaanza kutazama mtoto wake anavyokua.

Waliofaidika, walioumia

CAB yenyewe ilifungwa Januari 1, 1985. Ni nadra kwa ofisi ya serikali kufa kwa kupendekezwa na viongozi wake. Wachumi wawili wa taasisi ya Brookings, Steven Morrison na Clifford Winston, walikadiria 1986 kwamba abiria wa Marekani walikuwa wananufaika kwa kiasi cha dola bilioni 6 kwa mwaka, kwa thamani ya dola ya 1977. Watu ambao hawakuwahi kufikiria kupanda ndege walianza kupanda.

Lakini mashirika yalikufa. Braniff ilijitanua haraka mno baada ya sheria na ikaanguka Mei 1982. People Express, lililoanza 1981 kwa nauli za bei poa na kumtoza abiria kwa begi na kwa chakula, halikumaliza muongo. Wafanyakazi walikatwa mishahara. Kisha serikali ya Rais Ronald Reagan ikaruhusu mashirika kumezana. Mwaka 1986 Northwest ilimeza Republic na TWA ikaimeza Ozark, kila moja ikiwa imemmeza mshindani wake mkuu katika mji wake wa makao.

Hapa Kahn alikasirika hadharani. Alichokipigania ni kuondoa vibali vya nauli. Hakusema polisi wa ushindani naye aende likizo. Miaka ya 1990 alitaka serikali iwabane wakubwa wanaoshusha nauli kwa muda mfupi ili kumfukuza mgeni, kisha wakazipandisha akishaondoka. Alikiri pia kwamba yeye na wenzake waliamini kupita kiasi kuwa shirika lililo peke yake kwenye njia litaogopa kupandisha bei kwa sababu tu mwingine anaweza kuja. Iligundulika kuwa kuweza kuja na kuja kweli ni mambo mawili. Hata hivyo hakuwahi kutaka udhibiti wa zamani urudishwe.

Jambo la pili ambalo wapinzani wake walilitaja ni usalama. Sheria ya 1978 haikugusa ukaguzi wa ndege wala leseni za marubani. Hizo zilibaki mikononi mwa chombo kingine cha serikali, FAA. Kahn alishikilia kwamba bei na usalama ni madaftari mawili tofauti.

Kagera ina sababu ya kulipima dai hilo kwa uzito. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba, mali ya umma chini ya Shirika la Reli, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, wengi wao wakiwa wamepanda Bukoba na Kemondo. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, mali ya kampuni iliyo kwenye soko la hisa, ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, na wavuvi wa mitumbwi ndio waliofika kwanza kuokoa. Chombo kimoja kilikuwa cha serikali na kingine cha soko. Umiliki haukumwokoa mtu.

Uwanja mfupi

Soko huria la anga lilifika Tanzania miaka ya 1990, ATC ilipopoteza ukiritimba wake. Michael Shirima, mtu aliyewahi kufanya kazi East African Airways na baadaye kufanya biashara ya kahawa, alianzisha Precision Air 1993. Mwaka 1999 nchi za Afrika zilikubaliana Yamoussoukro, Ivory Coast, kufunguliana anga. Desemba 2002 serikali iliuza asilimia 49 ya ATC kwa shirika la Afrika Kusini, ndoa iliyovunjika 2006. Mwaka 2003 ikaundwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na nchi ikapata sheria ya ushindani. Kwenye karatasi, Tanzania ilikuwa imefuata njia ya Kahn, pamoja na polisi wa ushindani aliyemlilia.

Kwa Bukoba, ndege haikuwa anasa. Miaka ya 1990 barabara ya kwenda Dar es Salaam kupitia Biharamulo ilikuwa mbaya kiasi kwamba mabasi yalipita Kampala na Nairobi, abiria wakigonga mihuri ya nchi mbili ili kufika mji wa nchi yao wenyewe. Njia nyingine ilikuwa meli hadi Mwanza kisha treni. Baada ya 1996 wengi waliogopa meli. Mwenye haraka, mgonjwa au mfanyabiashara, alibaki na ndege.

Na ndege hazikuwa nyingi. Kwa miaka mingi ilikuwa Precision Air, pamoja na ndege ndogo za Caravan za Auric Air, kampuni yenye chimbuko Mwanza. Air Tanzania ilipofufuliwa 2016 kwa ndege mbili za Q400, Bukoba ilirudi kwenye ratiba yake. Hapo katikati palitokea somo ambalo Kahn angelipeleka darasani. Novemba 29, 2012 Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro ikitangaza nauli ya kuanzia shilingi 32,000, kabla ya ada za serikali. Begi lililipiwa peke yake, na anayewahi kukata tiketi alipata bei ya chini. Waliokuwa wamezoea basi wakapanda ndege kwa mara ya kwanza.

Fastjet haikuwahi kutua Bukoba. Ndege zake za Airbus zilihitaji uwanja mrefu. Uwanja wa Bukoba umebanwa kati ya ziwa na mji, na hata baada ya kuwekewa lami unapokea ndege za mapanga tu. Sheria ilimruhusu kila mtu kuja Bukoba. Urefu wa uwanja haukumruhusu. Abiria wa Muleba aliyeitaka nauli ile ya Fastjet alilazimika kwanza kufika Mwanza, na akijumlisha gari, kivuko na malazi, unafuu ulikuwa umeliwa njiani. Na Desemba 2018 Fastjet nayo ikasimama kuruka nchini.

Hapa ndipo fundisho la Kahn linapokuwa na makali kuliko wengi wanavyolichukulia. Kufungua nauli ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha mshindani anaweza kutua. Penye shirika moja au mawili na uwanja mfupi, nauli iliyoachwa huru inapanda kwa uhuru huohuo. Mpango wa kujenga uwanja mkubwa Omukajunguti, wilayani Missenyi, umezungumzwa kwa miaka mingi. Uwanja wa Chato, mkoani Geita, ambao Air Tanzania ilianza kuutumia 2021, ulimpa mtu wa kusini mwa Muleba mlango mwingine, lakini si ndani ya mkoa wake.

Ada nazo zina mambo yake. Ada inayotozwa kwa kichwa haijali urefu wa safari. Anayeruka Mwanza hadi Bukoba, safari isiyofika saa moja, akitozwa ada ileile ya anayeruka kutoka Dar es Salaam, sehemu ya ada katika tiketi yake inakuwa kubwa zaidi. Kwa kipimo cha Kahn, swali si kama ada iwepo. Swali ni gharama gani abiria huyu ameisababisha. Ndege ya abiria arobaini kwenye uwanja usio na msongamano haiusumbui uwanja kama ndege kubwa inayotaka kutua Dar es Salaam saa ambayo kila mtu anataka kutua. Yeye mwenyewe alipigania viwanja vya Marekani vitoze zaidi saa za msongamano na kidogo saa za utulivu, akashindwa, kwa sababu viwanja vilizoea kutoza kwa uzito wa ndege.

Kuhusu miji midogo, sheria ya 1978 haikuiacha mikono mitupu. Wabunge wa majimbo ya vijijini waligoma kuipitisha bila kinga, na ikawekwa ruzuku kwa shirika litakalokubali kuendelea kuhudumia mji ambao soko limeukimbia. Ilipangwa idumu miaka kumi. Ikaongezwa muda, kisha ikafanywa ya kudumu. Ruzuku ile inaonekana kwenye bajeti: mlipakodi anajua mji gani unalipiwa na kiasi gani. Tanzania, msaada kwa njia zisizolipa hupita zaidi ndani ya shirika la umma, ambako ni vigumu kutenganisha hasara ya kuhudumia mji wa pembezoni na hasara ya uendeshaji mbovu.

Kahn aliendelea kuandika na kutoa ushahidi mbele ya kamati za Bunge hadi uzeeni. Katika miaka yake ya mwisho alifika kwenye mijadala ya simu na intaneti akiwa na hoja zilezile za 1970. Saratani ilimchukua akiwa nyumbani kwake Ithaca, siku mbili baada ya Krismasi.

Mji huo wa ziwani una uwanja mdogo wa ndege. Septemba 2022, miezi miwili kabla ya msiba wa Bukoba, shirika la American, lilelile lililokuwa na piano, liliacha kuruka kwenda huko. Halikuhitaji kumwomba mtu ruhusa.